Kipupwe Dodoma: chumvi ya kudumu, chumvi ya dharura, au maji tu kwa bwawa la koi?

Mfugaji_Ipagala
Wakuu, salaam. Nina bwawa la koi, samaki wa mapambo, hapa Ipagala, mita 3 kwa 2, kina mita 1, yaani lita 6,000 hivi. Wamo koi 14. Kipupwe kimeingia na leo alfajiri maji yalisoma nyuzi 17. Samaki wamekuwa wazito, wanakaa chini, chakula wanakifuata taratibu.

Napima njia tatu. Kwanza, kutia chumvi asilimia 0.3 na kuiacha msimu mzima, kama wanavyofanya baadhi ya wafugaji wa Uingereza. Kwangu hiyo ni kilo 18. Pili, chumvi ikae stoo, itumike tu naitraiti (sumu inayotokana na amonia ya uchafu wa samaki) ikipanda au samaki akiumwa. Tatu, kuachana nayo kabisa, kupunguza chakula na kubadilisha maji kidogo kidogo. Maji yangu ni ya kisima kirefu. Mliowahi kujaribu, naomba uzoefu.

Fundi_Pampu
Mkuu, mimi nilikuwa mtu wa njia ya kwanza hapa Nkuhungu, miaka miwili. Faida yake ni ya kweli. Mwili wa koi una chumvi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji yanamwingia muda wote kupitia matamvua na figo zinashinda zikiyatoa. Maji yakiwa na chumvi kidogo, kazi hiyo inapungua, na samaki aliyechoka anapata nafuu.

Ila mwaka wa pili niliumia. Yungiyungi langu lilianza kuwa kahawia pembeni mwa majani, likaoza lote. Kubwa zaidi, nilikuwa na mfuko wa zeolaiti, mawe madogo, kwenye filta kwa ajili ya kunyonya amonia. Kumbe chumvi inaifukuza ile amonia kutoka kwenye mawe, inarudi majini. Nilitia chumvi jioni, asubuhi samaki wote wako juu wanahema midomo wazi. Nilipoteza watatu. Ndugu yangu, kama una zeolaiti, itoe kabla hujatia hata kijiko kimoja.

MamaKoi_Kisasa
Kaka wa Ipagala, kabla ya kuuliza utie kilo ngapi, pima zilizomo tayari. Visima vingi vya huku kwetu, ulimi wenyewe unakwambia. Na kipupwe chetu si baridi ya Ulaya. Kule mvua na theluji vinaingia bwawani, chumvi inapungua. Sisi kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hatuioni, upepo unakausha mchana kutwa. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Kisha unajazia kwa maji yale yale ya kisima, unaongeza nyingine.

Fanya hesabu hii. Tuseme kisima chako kina gramu 1 kwa lita, na kila wiki unajazia lita 300 zilizokauka. Hizo ni gramu 300 za chumvi kwa wiki. Wiki 20 ni kilo 6. Bwawa lako la lita 6,000 lililoanza na asilimia 0.1 limefika 0.2, na hujanunua chumvi dukani hata pakiti.

Kongwa_Koi
Mimi ni njia ya tatu, sijawahi kutia chumvi. Kila Jumamosi natoa sehemu moja ya kumi ya maji, naweka mengine. Kulisha ni saa saba mchana tu, maji yakishapata jua, na kiasi cha kumalizika ndani ya dakika tano. Baridi yenyewe isikutishe. Koi wa rangi walianzia Niigata, Japani, mkoa wa theluji nyingi.

MamaKoi_Kisasa
Hapo umesema jambo kubwa. Kutoa na kuweka kunaondoa chumvi. Kujazia tu kunailimbikiza. Wengi tunadhani ni kitu kimoja.

Kemia_Manyoni
Naongeza mambo mawili matatu. Mita ya TDS, ile ya kupima vilivyoyeyuka majini, inasoma kila kilichoyeyuka, pamoja na kalsiamu na bikaboneti, na maji yetu yanazo. Ukitaka kujua chumvi hasa, tafuta kipimo cha kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi yenyewe.

Kuhusu amonia, usihofu baridi, hofia pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Kwenye nyuzi 17 na pH 8, sehemu yenye sumu ni kama asilimia 3 ya amonia yote. Kwenye nyuzi 27 ni kama 6. Lakini baki kwenye nyuzi zile zile 17, pH ipande hadi 9, inaruka mpaka 24. Mwani wa kijani hupandisha pH mchana kutwa, kwa hiyo pima jioni. Ukipima asubuhi peke yake utajidanganya.

Kwa naitraiti, njia ya pili inatosha kabisa: kilo 1 kwa lita 1,000. Kloraidi inashindania mlango na naitraiti kwenye matamvua, damu ya samaki haigeuki kahawia. Na tafadhali, chumvi iwe chumvi. Magadi yanapandisha pH, yatakuulia samaki.

Fundi_Pampu
Na iyeyushwe kwanza kwenye ndoo. Niliwahi kumwaga chumvi ya mawe moja kwa moja, koi mmoja mweupe akaenda kulala juu ya punje. Kesho yake ubavuni alikuwa na alama nyekundu pana kama kiganja cha mtoto, magamba yamesimama. Soma pia pakiti, usichukue yenye dawa ya kuzuia kugandamana.

Mfugaji_Ipagala
Nimerudi wakuu. Nimeazima kipimo cha kloraidi. Kisima kimesoma asilimia 0.07. Bwawa limesoma 0.16. Mwaka wa tatu huu najazia tu, sijawahi kutoa. Ningetia zile kilo 18 ningefika karibu 0.46 bila kujua.

Kwa hiyo bwawani nimekwenda na njia ya tatu. Chumvi naiweka kwa ajili ya mgonjwa peke yake, kwenye simtanki la lita 500 pembeni. Naitraiti nimepima, ni sifuri. pH ya jioni ni 8.6, hiyo ndiyo inaninyima usingizi, na nimeanza kuutoa mwani kwa wavu.

Leo nimetoa lita 600, nimeweka za bomba zilizolala siku mbili na pampu ya hewa ili klorini itoke. Yule mkubwa alipanda juu akafuata maji mapya yalipokuwa yanaingia. Jumamosi natoa mengine 600, nitaleta vipimo.