Nikizidisha rangi kwenye resini, sola inapata mwanga kidogo. Kwa nini?

FundiMabango
Asalaam aleikum wadau. Mie ni fundi wa mabango hapa Mwembe Tayari, nakata akriliki kutwa. Vile vipande vya rangi ya machungwa vinavyong'aa kingoni vimenishughulisha miaka mingi: uso umepoa, lakini ukingo unawaka kama waya wa hita. Nikajiuliza, kama mwanga unakimbilia ukingoni, mbona nisibandike sola ndogo pale?

Nikachukua resini ya poliesta, nikamimina vigae vitatu, kila kimoja gramu 100. Cha kwanza hakina rangi. Cha pili nilitia rhodamini B, ile rangi ya unga inayong'aa, ya kwenye ncha ya kijiti cha meno, mzani haukuisoma. Cha tatu nikasema nisifanye ubahili: gramu 1 kamili, kanipimia jirani yangu sonara. Kisha nikavipandisha darini saa saba mchana, kila kimoja nikakiegemeza sola iliyotoka kwenye taa ya bustani.

Nikapima umeme wa kila sola. Kisicho na rangi, miliampia 4. Chenye rangi kidogo, 11. Cha gramu nzima, 3! Na ndicho chekundu kuliko vyote, hadi kinaelekea weusi. Wallahi sikulala. Nimekosea wapi?

MwalimuFizikia
Waaleikum salaam fundi. Hiyo gramu nzima ndiyo iliyokuangusha.

Molekuli ya rhodamini hula mwanga wa kijani, ikautoa upya ukiwa wa machungwa unaoelekea wekundu, na huo sola ya silikoni inaupenda. Mwanga mpya hutawanyika kila upande. Ndani ya akriliki, kama robo tatu yake hunaswa: ukigonga uso ukiwa umelala haupiti, unarudi ndani, unagonga upande wa pili, hivyo hivyo mpaka ukingoni. Wanasayansi Weber na Lambe waliliandikia wazo hili la kuvunia sola mwanga ukingoni mwaka 1976, kwa hiyo njia uliyoshika ni ya kweli.

Sasa molekuli zikisongamana hushikana. Zilizoshikana hunywa mwanga zikaugeuza joto tu. Halafu kuna la pili: rangi ambayo rhodamini hutoa inapakana mno na ile inayokula, basi mwanga hauendi mbali kabla molekuli nyingine haijaumeza tena, na kila ukimezwa kuna unaopotea. Kigae chako cha tatu kinajila chenyewe.

Anza na gramu 0.01 kwa resini gramu 100. Usiipime kwa mzani. Yeyusha gramu 1 kwenye spiriti safi mpaka ifike mililita 100, vuta mililita 1 kwa sirinji, hapo umeshika gramu 0.01. Koroga, uache spiriti iruke kwanza ndipo utie hadina, ile dawa ya kugandisha resini.

MamaFaiba
Mwanangu, mie natengeneza mashua za faiba Likoni. Hadina ni peroksaidi, na peroksaidi inaweza kuila rangi resini ikiwa bado inaganda. Usiimwage kwa haraka ya kutaka ikauke. Na kingo umezisugua? Mkwaruzo wowote juu ya uso ni tundu la mwanga kutokea. Anza na msasa 400, panda hadi 2000 kwa maji, umalizie na polishi mpaka uone kidole chako upande wa pili. Vaa glavu na barakoa, na sufuria uliyochanganyia rhodamini isirudi jikoni kabisa.

FundiMabango
Shukran mwalimu, shukran mama. Kingo nilizikata kwa msumeno nikaziacha hivyo hivyo, nimeelewa. Lakini kile cha pili kilichosoma 11, baada ya wiki tatu darini kinasoma 7. Nayo ni kingo?

MwalimuFizikia
Hapana, hilo ni jua. Rhodamini huchakaa kwenye mwanga mkali, na jua letu halina huruma. Wanaotengeneza vigae hivi kwa dhati hutumia rangi za jamii ya perilini, mfano Lumogen F Red 305, ambazo hustahimili zaidi. Ila kujifunzia, rhodamini inatosha.

FundiMabango
Basi leo nimemimina kipya cha 0.01, hadina nimepunguza. Kikikauka nakikata katikati: nusu naifunga foili, nusu naiacha uchi darini. Kila Ijumaa baada ya swala nitapima zote mbili niandike hapa.