Mjadala: Mfugaji aruhusiwe kumwinda mnyama anayekula mifugo yake?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kila simba anapovamia boma mjadala huu hufufuka: mfugaji apewe kibali amwinde mnyama aliyemtia hasara. Mimi ni mfugaji, na nasema hapana.

Chui aliingia zizini kwetu usiku. Asubuhi tulikuta mbuzi tisa wamelala, wote wametobolewa kooni, na aliyeliwa ni mmoja. Kaka yangu alinyanyua mkuki palepale, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia. Mama ndiye aliyetuonyesha: tawi la mgunga lililoinama juu ya ua, gome lake limechanwachanwa na kucha. Tulikuwa tumeliacha kwa ajili ya kivuli. Tulilikata siku hiyohiyo.

Kaka angemchoma nani huko porini? Mwenye hasira humuua anayemwona kwanza. Duma huwinda zaidi mchana, watu wakimwona, kwa hiyo hata mbuzi walioliwa usiku husingiziwa yeye. Na ukimuua dume mwenye eneo lake, dume mwingine huja kulishika, naye hajui boma lako wala mbwa wako.

Sumu ndiyo mbaya zaidi. Desemba 2015 kule Maasai Mara, simba wa kundi la Marsh walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu, na simba jike maarufu, Bibi, akafa. Tumbusi hushukia mzoga huohuo. Mbwa wako pia.

Lakini ndugu zangu wahifadhi, msinipigie makofi bado. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inampa mfugaji haki ya kudai fidia, na inamnyima yule ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake. Sawa. Je, mjane mwenye mbuzi sita atatoa wapi waya wa kuzungushia zizi? Ua wa miiba hautoshi: ng'ombe wakinusa simba huingiwa na hofu, wakauvunja wenyewe na kumfuata adui nje gizani. Fidia ikichelewa, sumu ndiyo inayopatikana upesi.

Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyechunga karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea, akaunda taa za kumulika kwa zamu kuzunguka boma. Pesa zianzie hapo, kwenye taa, waya na milango imara, kabla ya hasara. Mnyama aliyezoea kurudi bomani aondolewe na askari wa wanyamapori, na waje upesi, maana akirudi mara ya tatu hakuna mzee atakayewashika vijana.

Swali langu kwa mnaotaka kibali: mtamtambuaje mwenye kosa, na nani atathibitisha kabla risasi haijatoka?