Msamaha wa ajali kwenye bima ya gari: tunalipia nini hasa?

Wakuu, leo nimefura. Kampuni yangu ya bima iliniuzia nyongeza wanayoiita msamaha wa ajali: ukisababisha ajali ya kwanza, ada haipandi ukihuisha bima. Nimekuwa nailipia kila mwaka bila kukosa.

Kijana wangu akakwaruza bampa ya gari la mtu kwenye maegesho. Kamkwaruzo tu, mwenye gari ningemlipa mkononi yakaisha. Tukaripoti kama mkataba unavyotaka, kampuni ikalipa, tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, tumesamehewa. Baadaye mke wangu akagonga gari kwa nyuma, na hiyo sasa ndiyo ajali. Ada mpya ilipokuja nilidhani wamekosea tarakimu. Napiga simu, naambiwa msamaha ulishatumika. Umetumika wapi? Kwenye bampa! Kumbe ni mmoja kwa mkataba mzima, madereva hata muwe wanne, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kuumaliza kwa kamkwaruzo.

Halafu nikarudi kukagua hati za nyuma. Hata ile mara "tuliyosamehewa", punguzo la dereva asiye na ajali lilikuwa limeondolewa kimyakimya. Utetezi wao: tuliahidi kutoongeza adhabu ya ajali, punguzo ni jambo lingine. Jamani, si pesa ileile inatoka mfukoni mwangu?

Nikasema nahama. Huko nako bei juu, maana ajali zote mbili ziko kwenye rekodi na wanaziona. Msamaha wa kampuni moja hauifungi nyingine, wala haufuti chochote. Ukibaki unakamuliwa, ukiondoka unakamuliwa.

California, Marekani, nyongeza hii haiuzwi. Sheria waliyoipigia kura mwaka 1988 inataka rekodi ya udereva iwe kigezo cha kwanza cha kupanga ada. Angalau huko hakuna anayelipia ahadi ya aina hii.

Mnaotaka kuinunua, dai majibu kwa maandishi: msamaha ni wa dereva au wa mkataba? Dai dogo linautumia? Punguzo linabaki? Ukishatumika, unasubiri miaka mingapi kuupata tena? Wakala wangu alijibu yote kwa "usijali mzee."

Kuna mdau aliyewahi kuwabana wakarudisha punguzo? Alipitia kwa msimamizi wa bima au mahakamani? Barua yangu iko tayari.