Re: Re: B ya Morogoro imekuwa F ya Georgia, HOPE ya kijana inaponyoka

Mama Kelvin, Lawrenceville

Hamjambo ndugu zangu. Naomba tusitoke nje ya mada safari hii, nina haraka.

Kijana wangu yuko darasa la 12. Ripoti ya shule inasema GPA, yaani wastani wa alama, ni 3.18, nikajua HOPE, ile pesa ya jimbo la Georgia ya kusomea chuo, tunayo kibindoni. Jana tumefungua akaunti ya GAfutures, tovuti ya jimbo ya mambo ya HOPE, tukakuta 2.78. Kumbe shule ilipompokea iliingiza alama zake za kidato cha pili na cha tatu, za Morogoro, namba kwa namba. Biolojia 77, ambayo kwetu ni A, ikawa C. Hesabu 68, ikawa F. Jamani, 68 si B? Kiswahili alichopata 81 wamekitupa kwenye masomo ya ziada. Nimekwenda kwa kaunsela, ananijibu kwamba 68 ni 68 popote duniani.

Swali langu ni moja: kuna aliyefaulu kuwafanya wabadilishe? Na kwa karatasi gani, barua ya shule ya zamani au kitu cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania?

Salim, Stone Mountain

Pole Mama Kelvin. Kwanza sahau hiyo 3.18, ni ya shule. Humo kuna michezo, kuna bendi, kuna nyongeza za honors, yale madarasa ya wenye uwezo zaidi. GSFC, ofisi ya jimbo inayosimamia HOPE, wanapiga hesabu yao wenyewe kwa masomo ya aina tano tu: Kiingereza, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na lugha ya kigeni. Nyongeza za shule wanazivua zote, kisha wanarudisha 0.5 kwa AP na IB, masomo ya ngazi ya chuo, na dual enrollment, yaani kusoma chuo ukiwa bado haiskuli, peke yake. Honors haina kitu.

Na 89 kwao ni B sawasawa na 80, yaani 3.0. Binti yangu mkubwa alimaliza na 89 tano. Tano! Akatoka na 2.98 na hawazungushi juu. Angeongeza pointi moja kwenye somo moja tu, nisingelala garini Ijumaa usiku nikisubiri abiria wa Buckhead ili nimlipie ada. Mwambie pia aangalie rigor, yale masomo magumu waliyoyaorodhesha, zinatakiwa nne. Wengi wana GPA lakini rigor tatu, wanakuja kujua Mei, wakati wa kuhitimu.

Dada wa Tampa

Mama K, mwanao ana saa ngapi za kujitolea au za kazi ya mshahara? Bila saa 100 hata GPA iwe 4.0 hapati ile kubwa. Na inatakiwa 3.5.

Salim, Stone Mountain

Dada, hiyo ni Bright Futures, ya Florida. Mama kaandika Georgia, tena kwenye kichwa cha barua. HOPE ni 3.0 na haina saa za kujitolea. Zell Miller, ile kubwa ya Georgia, ndiyo 3.7, pamoja na mtihani wa kuingilia chuo, SAT 1200 au ACT 25. Tusimchanganye mama wa watu.

Dada wa Tampa

Najua ni Georgia, nilikuwa natoa mfano. Kila jimbo lina yake, Tennessee nao wana HOPE yao na masharti mengine kabisa, ndiyo maana nikauliza. Siku hizi humu mtu hawezi kuchangia.

Papa Espoir, Clarkston

Mama, pole sana. Siye tulitoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, watoto walisoma programu ya Congo pale kambini. Mkubwa alikuwa na bulletin, ripoti ya shule, ya 62 kwa mia, na kwetu huyo ni mtoto mwenye akili, mama yake alichinja kuku. Hapa wakaona 62 wakatuuliza kama ana shida ya kujifunza.

Lakini kwetu kaunsela alikuwa mama mmoja mwenye roho nzuri. Masomo yote ya kule aliandika P, amepita tu, bila namba. P haiingii kwa GPA. HOPE wakahesabu madarasa ya hapa peke yake, mtoto akatokea na 3.3. Sijui ni sheria ama ni huruma yake. Uliza hiyo P.

Mkenya Pekee, Marietta

Lakini tuseme ukweli, 77 ni A aje? Si A inaanza 80?

Mzee Kihonda, Decatur

Ndugu Mkenya, 80 ni kidato cha sita. Kidato cha nne A inaanzia 75, B inaanzia 65, C 45, D 30. Mama Kelvin yuko sahihi, 68 ni B tena B safi.

Watu wa huku hawaelewi kwamba mwalimu wetu hagawi alama kama peremende. Aliyenifundisha hesabu alikuwa na msemo: 100 ni ya Mungu, 90 ni ya mwalimu, nyie gombaneni kwenye zilizobaki. Tulikuwa 62 darasani, aliyeongoza alipata 71 na tulimbeba mabegani hadi bwalo la chakula. Huku mjukuu wangu amepata 98 kwa kuchora ramani ya Afrika ambayo Madagaska haimo.

Nikifumba macho bado naisikia ile rimu ya lori ikigongwa saa kumi na moja alfajiri, na makande yananukia. Mvua za Morogoro, ukungu umeishika Uluguru. Basi tu.

Mama Kelvin, Lawrenceville

Asante Mzee. Lakini karatasi gani?

Salim, Stone Mountain

Mama, hata ikishindikana usikate tamaa, HOPE inaweza kuingilia chuoni. Akifikisha krediti 30, 60 au 90 akiwa na 3.0 wanampima tena. Binti yangu aliipata kwenye 30. Mwaka wa kwanza ndio nililipa mwenyewe. Na akienda chuo cha ufundi kuna HOPE Grant, ile haiulizi GPA ya haiskuli kabisa. Tangu 2023 HOPE inalipa ada yote ya masomo kwenye vyuo vya serikali, ila vitabu, bweni na vile vijiada vingine ni juu yako. Tuwashukuru wale wanaokwangua tiketi kwenye vituo vya mafuta, ndio wanaotusomeshea.

Abu Zuhra, Norcross

Assalaam alaykum. Salim umegusa jambo ambalo limenikosesha usingizi. Ni kweli HOPE yote ni pesa ya bahati nasibu?

Salim, Stone Mountain

Tangu 1993, Gavana Zell Miller ndiye aliyeianzisha hivyo. Si siri.

Abu Zuhra, Norcross

Basi mimi nitaona. Siwezi kusomesha mtoto kwa kamari.

Mkenya Pekee, Marietta

Buda, pesa ishafika kwa serikali, ishakuwa ya serikali. Hata barabara unapita nayo hujui ililipwa na nini. Chukua HOPE, omba msamaha baadaye.

Abu Zuhra, Norcross

Usinifundishe dini kwenye barua pepe tafadhali.

Mama wa Mapacha, Snellville

Mnagombania HOPE, wenzenu haturuhusiwi. Wangu wa kwanza ana 3.9, ana AP nne, lakini kesi yetu ya hifadhi iko mezani mwaka wa sita haijaamuliwa. HOPE wanataka raia, mwenye green card au aliyekwisha kupewa hifadhi. Kuomba tu hakuhesabiwi. Nilimwona mtoto anafunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Mama Kelvin, wewe una green card, pigana.

Mzee Kihonda, Decatur

Pole sana mama. Ndiyo maana nasema serikali yetu ya Tanzania ingetupa uraia pacha badala ya hii hadhi maalum ya wenye asili ya Tanzania walio nje. Wakenya wana uraia pacha tangu katiba ya 2010. Mtoto angekuwa na pa kurudi kifua mbele.

Dada wa Tampa

Mzee, hadhi maalum imeshazungumzwa humu barua 80. Na uraia pacha hautoi HOPE.

Mzee Kihonda, Decatur

Sikusema unatoa HOPE.

Papa Espoir, Clarkston

Mama Kelvin, nimeuliza mtoto. Anasema yule kaunsela alitaka karatasi ya shule yenye kuonyesha A ni kuanzia ngapi, B ni kuanzia ngapi, na muhuri wa directeur, mkuu wa shule. Siye hatukuwa nayo, ndiyo akaandika P. Pengine wewe ukiipata, hawataandika P, watabadilisha herufi. Pengine.

Mama Kelvin, Lawrenceville

Asante sana Papa Espoir. Nimempigia mkuu wa shule Morogoro usiku wa manane wetu, yuko tayari kuandika, ila picha ya WhatsApp kaunsela kaikataa, anataka halisi yenye muhuri. Kuna mtu anatoka Bongo kuja Atlanta kabla ya mwisho wa mwezi? Ni bahasha moja tu.

Mkenya Pekee, Marietta

Mimi natoka Kisumu tarehe 22. Ni mbali na Morogoro?