Mshauri nasaha atanisaidiaje na deni liko pale pale?

MamaWaBarani: Ndugu zangu wa Malindi, naomba mawazo. Mie nafanya kazi ya stoo kwenye hoteli ya watalii. Kusi ikianza kuvuma, Aprili hivi, wageni hukatika na sisi hupewa likizo isiyo na mshahara. Karo haina likizo. Siku hizi hata Disemba hoteli imejaa, mie nawaza Aprili. Nashtuka saa tisa usiku taya zauma kwa kusaga meno, siupati tena usingizi hadi adhana. Daktari kanipima presha, imepanda kidogo, akaniambia nikamwone mshauri nasaha. Nikamwambie nini? Atanilipia karo? Na mji wenyewe huu, ukipiga chafya mtaa wa Shela, mtaa wa Maweni washasema pole.

Kijana_Ngomeni: Soma adhkari, dada. Washauri ni mambo ya wenye pesa.

NahodhaMstaafu: Mwanangu, adhkari usiache, nami nasoma. Lakini kwa mshauri nilikwenda, wakati huo nikipeleka watalii kuona matumbawe na boti ina mkopo. Hakunihubiria. Kazi yake kuuliza. Nikisema “mwaka huu boti itachukuliwa”, aniuliza ushahidi uko wapi. Niandike daftarini: wazo lenyewe, linaloliunga mkono, linalolipinga. Niliona upuuzi, wallahi. Kisha akanipangia nusu saa ya kuwaza madeni, baada ya alasiri, kalamu mkononi. Wazo likija usiku, naliambia lingoje zamu yake. Hapo ndipo usingizi ulianza kurudi, kidogo kidogo.

Alinieleza pia kwamba mwili ukikaa na hofu muda mrefu, homoni kama kortisoli huvurugika, na usingizi nao huharibika. Deni halikuondoka. Ila kwa kichwa kilicholala niliweza kukaa na wenye mkopo tukapanga upya malipo.

Tiba ya namna hii si ya maisha, mara nyingi ni vikao 6 hadi 20. Kuhusu siri, muulize kikao cha kwanza kabisa anaitunzaje, na ni lini hulazimika kuitoa, mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini. Akibabaika, tafuta mwingine. Wako wanaozungumza kwa simu, walio mbali na Malindi.

MamaWaBarani: Shukran, baba. Ila alasiri ndiyo nakaanga viazi karai vya kuuza. Nifanye baada ya isha?

NahodhaMstaafu: La, utalala nayo. Ukishaepua karai, kabla ya magharibi. Hata dakika 15.