Optimus Prime wa 1984 na matoleo ya kisasa: lipi linafaa, na likaguliwe vipi?

Trela_Jekundu

Wakuu, habari zenu. Nataka kununua toleo la kisasa la Optimus Prime, lile roboti la kuchezea la Transformers linalogeuka lori jekundu la pua bapa, lililotoka 1984. Ya kwenye filamu siyataki. Nimechuja nikabaki na matatu: MP-10, MP-44 na Missing Link C-01. Halitakaa kabatini tu, litageuzwa mara kwa mara, na niliko ni pwani, joto na unyevu mwaka mzima. Naomba kujua lipi linakaribia lile la utotoni, nikague nini likifika, na nini huwa kinaharibika kwanza.

Bawaba

Mkuu, karibu. Kwanza tuelewane jambo moja, maana watu wengi hujuta hapa: hayo matatu hayanakili kitu kimoja.

Ile ya 1984 haikuanza kama Optimus Prime. Ilikuwa Battle Convoy wa kampuni ya Takara kwenye mfululizo wa vichezeo wa Diaclone, Japani, 1983. Kampuni ya Hasbro wakaichukua, wakaipa jina jipya na kuiuza Marekani. Katuni nayo ikamchora upya: mwili umerahisishwa, stika nyingi zimeondolewa. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna Optimus wawili, wa dukani na wa kwenye televisheni.

Masterpiece (hizo MP) zinamfuata wa televisheni. MP-10 ya 2011 iko katikati: robo mita hivi kwa urefu, bado ina sura ya mashine, na kuigeuza hakuchoshi ukishaizoea. Ngumi zinakunjwa ndani ya mikono, hazichomolewi kama zile za 1984 zilizokuwa zikipotea ovyo. Vioo vya kifua vinafunguka na ndani kuna Matrix (kile kito cha uongozi anachobeba kifuani kwenye hadithi), kitu ambacho ile ya zamani haikuwa nacho kabisa. MP-44 ya 2019 imesukuma mbali zaidi. Ili roboti lifanane na katuni, vipande vya lori vimefichwa ndani ya mwili, na gharama yake ni vipande vingi vidogo vinavyokunjana kwa mpangilio mkali. Ni kazi nzuri mno ya uhandisi, lakini kwa mtu anayetaka kugeuza kila jioni siipendekezi.

Missing Link C-01 ya 2024 ndiyo inayomfuata wa dukani: umbo na ukubwa ni vilevile, ila imeongezewa viungo ili isimame kwa mikao ambayo ile ya zamani haikuiweza. Ukisema "la utotoni", jibu langu ni hilo. Angalia namba tu: C-01 inakuja na trela, C-02 ni ya rangi za katuni na haina trela.

Pini_na_Skrubu

Bawaba kamaliza upande wa kuchagua. Mimi niongezee ukaguzi.

Likifika, usianze kuligeuza. Liweke kwenye mwanga wa pembeni utazame kila bawaba yenye pini ya chuma. Ukiona mstari mweupe kwenye plastiki kuzunguka pini, hapo plastiki imeshaanza kuelemewa. Pini imeingizwa kwa nguvu kwenye tundu dogo na ufa unakuja. Piga picha siku hiyohiyo umtumie muuzaji.

Halafu shika kiungo kimojakimoja. Viko vya aina mbili. Vya meno vinalia kakaka, na hivyo vikitoka kiwandani vibovu havikazwi kirahisi. Vya msuguano vinateleza bila sauti, na hivi ndivyo hulegea kadiri unavyogeuza. Jaribio la kweli ni kusimamisha roboti kwa mguu mmoja mbele na bunduki mkononi, uliache usiku kucha. Likiinama, tazama nyonga na kifundo kabla ya kulaumu goti.

Kulegea kunatibika. Kama kuna skrubu, kaza robo mzunguko tu. Ukiwa umeitoa nzima, wakati wa kuirudisha izungushe kwanza kinyume mpaka uihisi inadumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Usipofanya hivyo unachonga njia mpya ndani ya plastiki, na baada ya mara mbili tatu skrubu haishiki tena. Kama ni kiungo chenye kichwa cha duara kinachoingia kwenye tundu, kichomoe, paka supa gluu tabaka jembamba juu ya hilo duara, acha ikauke kabisa, ndipo urudishe.

Kilichokaza kupita kiasi kipewe tone la mafuta ya silikoni. Usitumie mafuta ya kulegezea kutu, yanaweza kuipasua plastiki iliyokwisha kubanwa na pini.

Trela_Jekundu

Nawashukuru sana. Kuna mtu ananiuzia "MP-10" anasema ni kubwa kuliko ya kawaida, ina chuma zaidi, na bei ni chini ya nusu. Hiyo ikoje?

Bawaba

Hiyo ni nakala, mkuu. Wanachukua muundo wa MP-10, wanaukuza na kubadilisha baadhi ya vipande kuwa aloi ya zinki. Sentimita zikizidi sana zile za MP-10, huna haja ya kuuliza swali jingine. Tatizo la uzito ni hesabu: ukikuza umbo, uzito unapanda haraka kuliko nguvu ya kiungo, na aloi inazidisha. Nyonga ndiyo inayobeba yote. Rangi juu ya chuma nayo huchunika pale vipande vinapopitana wakati wa kugeuza.

Mwambie akutumie picha ya maandishi ya haki za mtengenezaji yaliyochapwa kwenye mwili, pamoja na picha za boksi pande zote. Akikwepa, achana naye.

Na usisahau usafirishaji. Kampuni nyingi za ndege hupima ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Boksi la 40 × 30 × 20 linahesabiwa kilo 4.8 hata kama ndani kuna kilo moja na nusu. Trela ndiyo inayokula pesa hapo.

Kivuli_cha_Rafu

Kwa Pini_na_Skrubu: supa gluu sawa, lakini kamwe isikaribie vioo vya kifua. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki ya uwazi na ni vigumu kuufuta. Wala msibadilishe kwa rangi ya kucha, viyeyusho vyake hula plastiki. Karibu na vioo tumieni gundi nyeupe ya maji. Haidumu sana, ila inasafishika.

Plastiki ya uwazi pia ni dhaifu kuliko ile ya rangi. Vioo vifunguliwe kwa kushika karibu na bawaba, si kwenye ncha.

Kwa pwani: rafu iwe mbali na dirisha, jua huifanya plastiki nyeupe kuwa ya njano. Krome isisuguliwe kwa kitambaa chenye dawa, brashi laini kavu inatosha. Stika zibandikwe kwenye mwili uliofutwa kwa spiriti na kukauka, kisha uzikandamize kingo kwa kidole dakika moja. Mafuta ya mkono yakibaki chini, unyevu huziinua kuanzia pembeni. Pakiti za kunyonya unyevu zilizokuja ndani ya boksi zisitupwe, zihifadhiwe humo pamoja na silaha.

Trela_Jekundu

Nimeelewa. Naagiza C-01. Hiyo nakala nimemkatalia.