Wateja wote wana namba moja ya simu, 2147483647. Ni wizi au ni mfumo?

Fundi_Sinza

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada wa haraka, kuna mtu anaweza kulala ndani bure.

Nimekabidhiwa website ya duka la vitenge Kariakoo. Aliyeitengeneza ni kijana mwingine, walishindwana malipo akaondoka. Tangu mwanzo namba za simu za wateja zilikuwa zinaingia bila sifuri ya mbele, dada wa oda akawa anaiongeza mwenyewe kila anapopiga. Kabla kijana hajaondoka, tajiri alitaka wateja watumiwe meseji moja kwa moja, na kampuni ya meseji inataka namba ianze na 255. Kijana akarekebisha fomu iwe inaongeza 255 yenyewe.

Tangu hapo kila mteja mpya ana namba 2147483647. Wote. Majina tofauti, mitaa tofauti, namba moja. Bodaboda anafika Tabata na mzigo, hana wa kumpigia. Wateja wa zamani namba zao ziko salama.

Sasa tajiri kaitafuta hiyo namba mtandaoni, kaona 214 ni kodi ya simu (namba za mwanzo) ya eneo la Dallas, Marekani. Anaamini kijana anawauza wateja wake nje. Kesho asubuhi anataka kwenda kituo cha polisi Msimbazi. Mimi simjui huyo kijana, ila sioni dalili ya wizi. Nisaidieni nimweleze nini.

MzeeWaSeva

Mkuu, mzuie tajiri leo hii. Hapo hakuna mwizi.

Hiyo namba ndiyo kikomo cha INT, aina ya safu ya kuwekea namba nzima, kwenye databesi ya MySQL. INT ina biti 32, moja inabeba alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na namba kubwa kabisa inayoingia ni 2,147,483,647. Namba yetu ukiianza na 255 ina tarakimu 12, ni zaidi ya bilioni 255. Haiingii. Databesi ikiwa na ukali wake (strict mode) inagoma na kutoa kosa, na kuanzia toleo 5.7 ukali huo huja umewashwa. Kuna watoa hostingi wanaouzima ili mifumo ya zamani isisumbue. Ukizimwa, MySQL inaandika kikomo chake na kuacha onyo ambalo mtumiaji wa fomu halioni kamwe.

Ndiyo maana wa zamani wamepona: 07 bila sifuri ni milioni mia saba na kitu, inaenea. Na sifuri ilipotea kwa sababu hiyohiyo, kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani.

Fungua phpMyAdmin, andika `DESCRIBE wateja;` kisha `SELECT @@sql_mode;` utuwekee majibu.

Fundi_Sinza

Asante sana mzee wangu. Inasema `simu int(11)`, na kwenye sql_mode sioni STRICT_TRANS_TABLES, yaani ule ukali umezimwa. Lakini int(11) si ina maana tarakimu 11? Hata kama 12 haziingii, kwa nini isikate moja tu ya mwisho?

MzeeWaSeva

Ile 11 ni upana wa kuonyesha tu, haiongezi nafasi hata kidogo. INT(1) na INT(11) zinabeba kiasi kilekile. Imewapoteza watu wengi kiasi kwamba kuanzia 8.0.17 MySQL wenyewe wameanza kuachana nayo. Kijana wa watu huenda aliona 11, akahesabu 07 zina tarakimu 10, akaridhika. Na haikati tarakimu kwa sababu kwake hayo siyo maandishi, ni kiasi. Kiasi kikizidi inaandika kikomo.

Jembe_la_Code

Badili iwe BIGINT, ile INT yenye nafasi kubwa zaidi, umalize. Dakika moja tu.

Dada_Kigamboni

Kaka Jembe, samahani, hapo nakupinga. 255 itaenea, sawa, ila sifuri itaendelea kuliwa na alama ya + haitaingia. Halafu mtu atazoea kuweka kila chenye tarakimu kwenye BIGINT, mpaka siku atakapoweka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. NIDA ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka wa kuzaliwa. BIGINT isiyo na hasi inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Mtu aliyezaliwa 1990, namba yake inaanza na 1990, tayari imezidi. Wafanyakazi wote wa ofisi watakuwa na NIDA moja, na huko polisi watakwenda kweli.

Namba ya simu hatuijumlishi wala kuigawanya. Iwe maandishi:

`ALTER TABLE wateja MODIFY simu VARCHAR(15);`

Chukua bakapu kwanza, tafadhali. Ukishabadili, wenye 2147483647 waweke NULL, yaani tupu, ili meseji zisitumwe hewani. Wa zamani wenye tarakimu tisa waongezee 255 mbele kwa CONCAT, amri ya kuunganisha maandishi. Na usiipakue hiyo orodha ukaihariri kwenye Excel: tarakimu 12 itakuonyesha 2.55712E+11, na NIDA ndiyo kabisa, Excel inashika tarakimu 15, tano za mwisho inazigeuza sifuri na hazirudi.

Fundi_Sinza

Nimeelewa dada, Mungu akubariki. Namba zilizopotea je? Kuna njia ya kuzitoa humo?

MzeeWaSeva

Kwenye databesi hazipo, hazikuwahi kuingia. Zitafute nje. Kama fomu hutuma barua pepe ya oda kwa duka, soma hizo kwanza, mara nyingi namba iko pale kama mteja alivyoiandika. Bila hivyo, chukua simu ya duka: meseji za malipo zina jina, namba na kiasi. Linganisha kiasi na muda wa oda.

Ila angalia saa. Seva nyingi zinaandika UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Oda iliyoandikwa 11:20 ililipiwa 14:20, na tajiri atakwambia ni saa nane na dakika ishirini mchana. Usipoliweka sawa hilo utampa mama wa Mbagala namba ya mtu wa Tegeta.

Fundi_Sinza

Barua pepe zipo! Zimekaa kwenye boksi ambalo hakuna aliyekuwa analifungua. Nimempigia tajiri, nimemsomea ya kwanza, jina na namba kamili. Amekaa kimya kidogo, halafu ameniomba nimtafutie namba ya yule kijana.

Moja la mwisho. Duka lina wanunuzi wa Lubumbashi, Lusaka na Comoro. Fomu inawabandika 255 nao.

Dada_Kigamboni

Basi usibandike ovyo. Ondoa nafasi na vistari. Ikianza na 0 na ina tarakimu 10, badili 0 iwe 255. Ikiwa na tarakimu tisa na inaanza na 6 au 7, ongeza 255, lakini mwonyeshe mteja aithibitishe kabla ya kutuma, maana mgeni naye anaweza kusahau kodi ya kwao. Ikianza na +, iache na kodi yake: Kongo 243, Zambia 260, Comoro 269. Hifadhi tarakimu bila ile alama, VARCHAR(15) inatosha, ndicho kikomo cha namba za simu kimataifa. Chochote kingine fomu ikikatae palepale, mteja akiwa bado anaangalia kioo.

Na waombe watu wa hostingi wawashe ukali. Wakikataa, uwashe kwenye muunganisho wako mwenyewe: `SET SESSION sql_mode='STRICT_TRANS_TABLES';`